Injini Isizimwe

Kila anayeingia gerejini kwangu na uso wa lawama huanza na maneno yaleyale: fundi, gari linakunywa. Miaka ishirini na sita nimeyasikia hayo, na miaka ishirini na sita nimejibu vilevile, kwamba gari halina koo. Mtu aliponunua aliambiwa kilomita ishirini kwa lita, akaziamini kama alivyoiamini picha ya kwenye tangazo, ile ambayo gari liko peke yake barabarani, hakuna foleni, hakuna tuta, na dereva mwenyewe kakonda. Kisha analipeleka sokoni hatua mia nne, analirudisha injini haijapata hata joto, matairi yamelegea, kwenye buti kuna mifuko miwili ya saruji tangu mwaka jana, halafu ananijia mimi amenuna. Nawapa vidonge vyao. Wengine hukasirika wakaenda kwingine, na sijawahi kumkimbilia mtu.

Mzee Tone hakuwahi kununa. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mkono wa birika asiyejificha, na jina la Tone nilimbandika mimi, siku aliponiuliza kama petroli inayobaki kwenye mpira wa pampu ni ya mwenye kituo au ya mwenye gari. Gari lake dogo alilinunua likiwa jipya. Wiki ya kwanza tu akaja nalo kwangu, akasema hana haja ya kutengenezewa kitu, anataka nimfundishe kuliendesha.

Nikamfundisha. Inua mguu mapema, gari lijivute lenyewe hadi kwenye taa. Pima upepo asubuhi, kabla jua halijayapasha matairi. Usibebe kisichokuwa na safari. Na ukisimama kumsubiri mtu zaidi ya dakika moja, zima injini, kwa sababu injini inayowaka gari likiwa limesimama inakupa kilomita sifuri kwa lita, na sifuri haina dawa. Hilo la sifuri lilimkuna. Alilirudia kila alipokuja, akicheka mpaka mabega yanatikisika. Kwa miaka mitatu gari lake lilikwenda kilomita kumi na nane kwa lita, katika mji ambao mengine ya aina ileile hupata kumi na tatu na wenyewe wakashukuru. Nilimtaja kwa wateja wengine kama mzazi anavyomtaja mtoto aliyefaulu.

Akafariki. Mazishini tuliambiwa moyo ulisimama akiwa anapakia mizigo nje ya duka kubwa, alikokuwa amekwenda na mkewe. Nilimpa mama pole, nikarudi kazini, nikaendelea kugombana na watu.

Miezi saba baadaye, Alhamisi asubuhi, gari la Mzee Tone likaingia gerejini na mama huyo kwenye usukani. Ana miaka sabini na kitu, mwembamba, wa kunyooka. Alikataa chai, akakaa kwenye benchi, akanieleza shida yake bila kuzungukazunguka. Mwanawe, daktari wa meno, ndiye anayemjazia tangi kila Jumapili. Tangu baba yake aondoke, lita zimepanda kwa zaidi ya nusu, na safari ni zilezile. Daktari ameshakata shauri kwamba ama gari limechoka, ama mama yake amechoka, na kwa vyovyote vile amepata mnunuzi. Jumamosi anakuja kuchukua funguo. Mama alikuwa amemwomba kitu kimoja tu, kwamba kwanza fundi alipime na kuandika alichokiona. Nikiandika kasoro, na kwamba nimeitengeneza, gari litabaki. Nikiandika gari ni zima, basi mbovu ni yeye, na kuanzia hapo atakaa nyumbani akisubiri kubebwa na kurudishwa.

"Mwanangu, litafutie ugonjwa," alisema. "Ugonjwa wowote."

Nikamjibu kwa ule ukali wangu kwamba mimi sitafuti, napima, na kwamba sijawahi kuandika tarakimu ambayo macho yangu hayakuiona. Akaniangalia kwa upole hadi nikaona haya, nikainua boneti.

Sikuona kitu. Plagi safi, chujio la hewa safi, oili ile ile niliyoweka mwenyewe. Nilizungusha magurudumu kwa mkono, breki hazishiki. Chini hakuna unyevu wa petroli. Upepo wa matairi ulikuwa sawasawa kabisa, jambo ambalo sijaliona kwa mteja mwingine yeyote mwaka huu. Kwenye buti hamkuwa na kitu zaidi ya gurudumu la akiba. Nikachomeka kompyuta, nayo ikanyamaza kama mimi.

Mawili tu yalinikera. Magari ya siku hizi yana kifaa kinachozima injini chenyewe ukisimama kwenye taa na kuiwasha ukitaka kuondoka, na mama alikuwa amekifunga kwa kitufe. La pili lilikuwa kwenye dashibodi. Wastani wa mafuta ulisoma kilomita kumi na moja kwa lita, na wastani wa mwendo kilomita kumi na tano kwa saa. Wakati wa Mzee Tone ule wa mwendo ulikuwa thelathini na ushee. Nikamuuliza kama siku hizi anapita kwenye foleni. Akasema hapana, akatazama pembeni.

Basi nikamwambia tumalizie kwa kipimo kisichodanganya. Kesho tujaze tangi hadi mafuta yaonekane mdomoni, twende safari zake za kawaida, turudi pampu ileile tujaze tena. Akasita kidogo. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeendesha.

Ijumaa tukajaza, nikaurudisha wastani wa dashibodi kwenye sifuri. Nilipofungua mlango wa mbele nikae, akaniwekea mkono begani.

"Kaa nyuma, mwanangu."

Nilidhani ni mambo ya heshima yaliyopinda. Nikakaa nyuma. Ndipo nilipoona kwamba mkanda wa kiti kile cha mbele umefungwa, umepita juu ya kiti kitupu hadi kwenye kifungio chake. Wapo watu wanaoufunga hivyo ili kengele isiwapigie kelele wakiweka mkoba pale, lakini mkoba wa mama ulikuwa mapajani kwake. Matundu ya hewa baridi, yote manne, yalikuwa yamegeuzwa kukielekea kiti hicho. Upande wa dereva mama alikuwa anatoka jasho puani.

Tukaondoka, na hapo mgongo ukaanza kunisisimka. Mama huyu anaendesha vizuri kuliko mimi. Kabla ya mzunguko aliinua mguu mapema, gari likateleza hadi mahali pake bila breki. Kwenye mlima aliutafuta mwendo chini kabla hatujafika, akapanda nao bila kukanyaga. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mzee Tone mara nyingi katika masomo yetu. Mguu ule ulikuwa wake. Hata ile tabia yake ya kugusa usukani kwa kidole gumba kabla ya kukata kona, mama aliifanya. Nikaangalia dashibodi kupitia katikati ya viti: kumi na nane, kumi na nane na nusu. Gari zima, dereva mzima, na bado kila wiki lita zinapotea mahali. Sikuwa nimewahi kushindwa hesabu namna hiyo, na nilishikwa na hasira kwa kuwa niliogopa.

Tulipofika duka kubwa, mama akaegesha juani, mbele ya jengo linalojengwa ambalo vumbi lake lilikuwa limejaa hewani. Vioo vyote vilikuwa juu. Hakuzima injini. Akauacha ufunguo palepale ulipokuwa, akatoa mwingine mkobani.

"Narudi sasa hivi," akasema, kwa sauti ya chini ambayo watu huitumia wakiwa wawili tu.

Hakuwa ananitazama mimi. Alifunga milango kwa ufunguo wa pili, akaenda zake.

Nikabaki mle ndani, injini inawaka, baridi inapuliza juu ya kiti kisicho na mtu. Sasa nilijua lita zinakokwenda. Kwa safari alizonitajia, dukani nusu saa, benki dakika arobaini, kwa dada yake saa nzima, na injini inawaka muda wote huo. Kumbe haikuwa siri kubwa, nikajiambia, ni usahaulifu wa uzee, na daktari wa meno yuko sahihi. Nikavumilia dakika tatu. Mkono wangu hauwezi kukaa karibu na injini inayowaka bure, ni kama mama kusikia mtoto analia. Nikajipenyeza katikati ya viti, nikauzungusha ufunguo, nikazima.

Kimya kikaingia. Jua la saa sita lilikuwa juu ya paa, na joto halikuchukua muda. Kwanza lilikuja miguuni, halafu likapanda. Niliona vumbi likitua kwenye kioo cha mbele taratibu. Dakika mbili, tatu. Shati likaanza kunigandia mgongoni.

Kisha nikasikia mkanda wa kiti cha mbele ukivutika.

Nimebadilisha mikanda mingi sana maishani. Naujua mlio wa mkanda unaotolewa kwa pole, na naujua ule wa ghafla, mtu anapoinama mbele na roda inayoukunja mkanda inakwama. Niliousikia ni wa pili. Mkanda ulikuwa umekazika hewani, umekikatiza kiti kitupu, na haukurudi nyuma. Nilitaka kuwasha injini, mkono ukakataa kuingia tena katikati ya vile viti. Nilitaka kutoka, nikasahau kabisa kwamba mlango uliofungwa kwa nje hufunguka kwa ndani. Nilikaa tu, jasho likinichuruzika machoni, nikasikiliza. Baadaye nimejiambia kwamba joto hutanua chuma na plastiki na linaweza kukaza roda ya mkanda. Nimewaambia na mafundi wenzangu, wakakubali kwa kichwa. Hakuna hata mmoja aliyesema amewahi kuliona.

Nikamwona mama anatoka dukani. Alikuwa bado mbali alipogundua kwamba gari halingurumi. Alisimama. Mfuko ukamponyoka, vitu vikatawanyika chini, naye akaanza kukimbia, mwanamke wa miaka sabini na kitu, viatu vinamtoka. Sikuwa mimi aliyekuwa anakimbilia. Alifungua mlango wa mbele, akapiga magoti kwenye vumbi, akaufungua ule mkanda, akakipapasa kiti kwa viganja vyote viwili, juu, pembeni, kwenye mgongo wa kiti, kama mtu anayetafuta mapigo.

"Nisamehe," alikuwa anasema. "Nimechelewa tena. Nisamehe."

Nilimwinua. Nikawasha injini, nikamkalisha nyuma pamoja nami, nikaokota vitu vyake. Aliponiambia, aliniambia yote kwa mara moja, bila kulia.

Mzee Tone hakuanguka akipakia mizigo. Alikuwa amekaa kwenye usukani, mahali palepale tulipoegesha, akimsubiri. Vioo juu kwa sababu ya vumbi, injini imezimwa. Mama alikuwa ameshamaliza kununua na kulipa, akakutana mlangoni na rafiki aliyefanya naye kazi zamani. Wakakumbushana mambo, wakacheka. Alimwona mumewe kwa mbali kupitia kioo cha duka, akampungia mkono, akaona kama naye amempungia. Dakika hamsini. Alipofika, mzee alikuwa ameegemea mlango, amelowa, na ufunguo uko mkononi. Watu waliokuja kusaidia walimkuta ameshavutwa nje, mizigo iko chini, wakajazia wenyewe habari, naye hakuwakatalia. Watoto wake hawajui mpaka leo.

"Nitawaambiaje kwamba baba yao alichemka garini na mimi nacheka dukani?" akasema. "Alikuwa ananisubiri kama kawaida. Injini amezima kama ulivyomfundisha."

Hakulisema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lililonikata maini. Ningependa anitukane. Nilikaa kwenye gari lile baridi nikiwa nimeshika chupa yake ya mafuta ya kupikia, na kila sentensi niliyowahi kumwambia Mzee Tone ikanirudia kwa sauti yangu mwenyewe, ile sauti ya kujua. Kilomita sifuri kwa lita. Jinsi alivyokuwa akicheka. Siku zote hizo nilimwambia ni lini azime, na hata siku moja sikumwambia ni lini asizime, kwa kuwa haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kunitii kiasi hicho.

Jioni ile nilikaa na karatasi ya majibu. Kuandika kwamba gari ni zima kulikuwa kumnyang'anya mama gari na yule wa kiti cha mbele. Kuandika chanzo halisi kulikuwa kumvua nguo mbele ya wanawe. Nikafanya nisichowahi kufanya. Niliandika kwamba kihisio cha hewa ya moshi kilikuwa kimelegea, kwamba nilikilegeza mimi mwenyewe katika matengenezo ya mwisho kwa uzembe, na kwamba sasa nimekikaza. Nikatia sahihi. Mwandiko ulikuwa mbaya sana.

Jumamosi saa nne daktari wa meno akaja na mama yake. Ni mtu mnene, msafi, mwenye tabia ya kukutazama mdomoni unapozungumza. Akaisoma karatasi amesimama, kisha akanipa vidonge vyangu mimi. Alisema kwa miezi saba amemgombeza mama yake bure, kumbe mbovu ni mkono wa fundi. Alisema baba yake alikuwa akinisifu mezani kila siku, na laiti angejua. Alisema hatamficha mgonjwa wake yeyote habari zangu. Nilimeza yote. Kusema kweli yalikuwa yananifariji, kwa sababu karibu kila alichokisema kilikuwa kinanistahili, ila hakujua kosa langu halisi ni lipi. Mwishoni akakunja karatasi akasema basi, gari haliuzwi.

Nikamtazama mama. Alichokuja kukitafuta alikuwa amekipata, na alichotakiwa kufanya ni kunyanyuka tu aondoke.

"Fundi hajakosea kitu," akasema kutoka kwenye benchi. "Ameandika uongo kwa ajili yangu. Kaa chini nikwambie baba yako alivyokufa."

Akamwambia. Alimwambia kila kitu, rafiki wa mlangoni, kicheko, mkono aliompungia, ufunguo. Alimwambia na la injini anayoiacha inawaka, na kwamba hajawa kichaa, anajua kiti hakina mtu, lakini hawezi kumwacha kwenye joto mara ya pili. Mimi nikaongeza langu, kwamba aliyemfundisha baba yake kuzima ni mimi. Daktari alisikiliza ametazama midomo yetu kwa zamu, na mikono yake misafi ilikuwa imelala magotini bila kujua la kufanya. Nilingoja apige kelele. Nadhani na mama aliingoja kelele hiyo, maana alikuwa ameinamisha kichwa.

Daktari hakupiga kelele. Kisha akaniuliza swali la mtu anayehesabu lita kila Jumapili.

"Siku ile, injini ingewaka hizo dakika hamsini, na kiyoyozi. Ingekula kiasi gani?"

Hesabu hiyo nilikuwa nayo tangu Ijumaa, sikuhitaji karatasi.

"Robo tatu ya lita," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Hospitali ni kilomita nne kutoka pale dukani. Hizo robo tatu zingemfikisha?"

Mama alikuwa ameinua uso ananitazama. Ningeweza kudanganya, nilikuwa nimeshaanza siku moja kabla, na niliona kwamba daktari angeniamini kwa lolote ambalo ningesema. Lakini swali lile lilikuwa la mtoto wa Mzee Tone, na baba yake hakuwahi kuniuliza namba nikampa nyingine.

"Zingemfikisha na kumrudisha," nikamwambia. "Na nyingine zingebaki."

Daktari aliinuka, akachukua funguo mezani, akatoka nje. Nilidhani anaondoka na gari, na mama pia alidhani hivyo, nikaona mkono wake ukilishika benchi. Kupitia mlangoni tulimwona akiwasha injini, akiinama kugeuza matundu ya hewa, akifunga mlango kisha akisimama kando ya gari juani, mikono nyuma, jasho linamtoka kwenye shati lake jeupe. Alisimama hivyo dakika kumi nzima, nami sikwenda kuizima injini. Kisha akarudi, akamshika mama yake mkono, akamwambia waende, ndani kumeshapoa.